Makofi ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Flaviana ana vidole visivyojua kustaafu. Mwenyewe amestaafu mwaka wa saba huu, cheti cha kuagwa kiko kabatini, lakini vidole bado viko kazini. Ukikaa naye barazani ukaanza kumpa habari zako, za mafua ya mtoto au za mwenye nyumba anayekusumbua, vinaanza kucheza juu ya goti, tap tap tap, vinaandika kila unachosema. Yeye hana habari. Macho yameelea huko kwenye nguo zilizoanikwa, akili imeshaondoka, iko inakojua yenyewe. Majirani zake wa Kiwalani wameshamzoea. "Mama Asifiwe, mie usiniandike bwana, kesho nitayakana," wanamtania, naye anashtuka kama mtu aliyesinzia kanisani, anacheka, anaificha mikono ndani ya khanga.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwandishi wa Bunge. Si mwandishi wa magazeti, la hasha. Ni wale wa kuandika kila neno linalotamkwa humo ndani, kuanzia dua ya asubuhi mpaka Spika anapowaaga, neno kwa neno, kikohozi tu ndo kinaachwa. Unakaa kwenye meza ya waandishi chini ya kiti cha Spika, unachora hati mkato dakika zako kumi, mwenzako anakupokea, unakwenda chumba cha nyuma kupiga chapa ulichochora, unarudi tena. Yasiyo maneno yanaingia kwenye mabano. Wabunge wakicheka, unaandika Kicheko. Wakigonga meza kwa kufurahi, unaandika Makofi, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Hiyo ndo mila ya kazi, na watu wa kazi hawaulizi.

Mkuu wao alikuwa Bibi Yustina, mwanamke mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Kila mwandishi mpya alisomewa sharti moja siku ya kwanza. "Mwandishi hana mikono yake, ana mikono ya Bunge. Hupigi makofi, hucheki, hununi. Na ukiweka neno ambalo halikuwepo, umelizushia taifa zima." Flaviana alilishika sharti hilo kama Amri ya Kumi na Moja.

Akalivunja mara moja tu.

Ilikuwa siku ya kawaida, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Na mtu asikudanganye, siku nyingi za Bunge ni za kawaida. Hizo za kurushiana maneno mnazotumiana kwenye simu ni chache mno. Siku ya kawaida ni dua, hati za kuwasilisha mezani, maswali ya visima na barabara, Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inalitambua tatizo hilo na italishughulikia fedha zikipatikana, wageni wa jukwaani wanasimama wanapungiwa, halafu mchango baada ya mchango mpaka mchana. Viyoyozi vinavuma. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma kalala kwa adabu, kiganja shavuni, mtu wa mbali atadhani anatafakari hoja. Flaviana alizipenda siku hizo kuliko zote. Sauti zilipita mwilini mwake, mkono ukachora, na yeye akatembea zake: mara yuko kwao Ndanda anaokota korosho, mara yuko Kiwalani, chumbani kwa mama.

Mama yake alikuwa kitandani mwaka wa pili. Alikuwa mchuuzi wa nyanya. Kila alfajiri alijitwika tenga, akavuka mtaro kwa ubao uliokuwa umelazwa pale tangu enzi na enzi, akashika njia ya Buguruni sokoni. Asubuhi moja ubao ukamteleza, nyonga ikavunjika, na hakutembea tena. Ukimuuliza ilikuwaje hakuwa na maneno mengi. "Kuna bwana mmoja aliniokotea nyanya zote," alikuwa akisema, "hata zilizopasuka." Basi, anageukia ukutani.

Sasa siku hiyo ya kawaida, ilipokaribia saa saba mchana, Spika akamwita mchangiaji wa mwisho. Alikuwa Mheshimiwa Ferdinand, mwalimu wa zamani, mtu wa kusini, mbunge wa muhula mmoja, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogeze sikio. Alipewa dakika tano. Nani alikuwa anasikiliza? Watu wanafunga mafaili, wanatafuta viatu walivyovivua chini ya meza, wanaulizana leo kuna samaki au kuku. Akaongea ya jimboni kwake kidogo, kisha akatulia, akasema, "Mheshimiwa Spika, Kiwalani kuna mtaro ambao akina mama wanauvuka kwa ubao kwenda sokoni. Wanaambiwa watazame wanapokanyaga. Mheshimiwa Spika, mwenye tenga kichwani haoni miguu yake."

Akakaa.

Hapo ndipo alipokosea, maskini. Mchango unafungwa kwa "naunga mkono hoja." Ukisema hivyo meza zinagongwa, hata kwa aliyeongea pumba, maana ni mazoea, mikono inajua yenyewe. Yeye akasahau. Alimaliza na miguu ya mwanamke asiyemtaja jina, akakaa, na wenzake wakadhani bado anaendelea, au hawakudhani chochote. Ukumbi ukanyamaza. Spika akaangalia saa, akatoa matangazo, akasitisha shughuli.

Flaviana alikuwa kwenye zamu. Alikwenda chumba cha nyuma akiwa haioni sakafu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alichokuwa anakiota na kilichosemwa ukumbini vilikuwa kitu kimoja. Akapiga chapa mpaka neno la mwisho, miguu yake, nukta. Vidole havikusimama. Vilifungua mabano, vikaandika Makofi, vikafunga mabano. Akalitazama lile neno. Akanyoosha mkono alifute, mkono ukarudi. Likaenda kwa Bibi Yustina, likaenda kwa mpiga chapa wa Serikali, likatoka kwenye kitabu cha kumbukumbu za Bunge, ukurasa wa arobaini na moja.

Hakuna aliyegundua. Lakini kila alipokwenda kuungama alilitaja. "Padre, niliandika makofi ambayo hayakupigwa." Padre mmoja alimuuliza yalimdhuru nani, akampa Salamu Maria tatu. Mama yake alifariki. Miaka ikapita, siku moja mafundi wakaja na saruji wakajenga daraja dogo la miguu pale penye ubao, lenye vyuma vya kushikilia pande zote, na hakuna mtu Kiwalani anayejua hasa nani aliyelipigania. Flaviana akastaafu, akarudi kwenye chumba kile kile cha mama, akajiunga na chama cha kufa na kuzikana cha watu wa Ndanda, wakampa ukatibu kwa sababu ya mwandiko wake. Walipomuuliza alikuwa akifanya kazi gani alisema, "Serikalini, mambo ya uchapaji." Hakutaka maswali.

Kumbe mwanachama mkongwe wa chama chenyewe ni Mzee Ferdinand, anaishi Chang'ombe. Mara ya kwanza walipokutania kwake, Flaviana aliingia sebuleni, akainua macho, akasahau kuketi. Ukutani, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na picha ya marehemu mke wa mzee, ilikuwa karatasi ndani ya fremu. Ukurasa wa arobaini na moja. Lile neno lake lilikuwa pale chini, limepauka kidogo kwa jua la dirishani.

"Baba alichangia mara kumi na nne miaka mitano yote," Anna, binti wa mzee, alimweleza siku hiyo bila kuulizwa. Anna ni mwalimu kama baba yake, anaishi na mzee tangu mama yake afariki. "Mara kumi na tatu ni makofi ya mazoea, ya kuunga mkono hoja. Hiyo ndo walimpigia kwa maneno yake. Akiumwa, akikosa raha, anakaa hapo anaiangalia."

Tangu hapo Flaviana alihudhuria vikao vya chama akiwa ameupa mgongo ule ukuta. Mzee alikuwa anamtazama na kutabasamu, anamwita katibu, hata siku moja hakumuuliza lolote, na Flaviana akajiambia kwamba hamkumbuki. Wabunge hawaangaliagi nyuso za waandishi. Kwao mwandishi ni kama kiti.

Halafu Jumatano moja Anna akapiga simu. "Shikamoo mama. Jumapili baba anatimiza themanini na mbili, na zawadi niliyompatia, mama, hutaamini. Nimeandika barua, nimefuatilia miezi minne, nimepewa sauti yenyewe ya siku ile. Bunge la asubuhi nzima, liko kwenye flashi. Ndugu wanatoka Ndanda kuja kusikia yale makofi. Baba kasema akosekane yeyote, katibu asikosekane."

Flaviana alikaa chini, simu ikiwa bado sikioni. Alijua kilichomo kwenye ile flashi. Kimya. Mzee wa watu ataketi mbele ya ukoo wake, katika siku yake, atasikia kwa masikio yake kwamba hakuna aliyempigia hata meza, na kitu pekee alichokihifadhi maishani kitakuwa kimeharibiwa kwa mikono ya Flaviana. Usiku wa Jumatano hakulala, wa Alhamisi hakulala. Ijumaa akaamua. Atakwenda mapema, atamwambia mzee ukweli faraghani, mzee atajua mwenyewe la kuwaambia ndugu zake.

Jumapili baada ya misa ya kwanza akavaa gauni lake la kitenge, akajitanda khanga, akavuka lile daraja dogo. Mbele yake alitangulia mwanamke mwenye tenga la nyanya kichwani, anaongea na simu iliyochomekwa kwenye kilemba, mkono mmoja unaburuza kwenye chuma cha daraja. Flaviana akasimama kumpisha ingawa hakukuwa na haja. Alikuwa tena mahali pengine, alikuwa anamwona mama, na bajaji ililazimika kumpigia honi mara mbili.

Chang'ombe alikuta uani pamefungwa turubai, pilau linapakuliwa, ndugu wa kusini wameketi na mabegi yao, wanaangalia gereji ya jirani ilivyofunguliwa hata Jumapili. Mzee Ferdinand alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, suti ya kaunda imemkaa kwa ulegevu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, katibu. Hata sikudhani utachelewa, na hukuchelewa."

"Mzee, kabla ya mambo yote, naomba nikwambie jambo. Kuhusu ile karatasi ya ukutani."

Mzee akamshika mkono. "Mwanangu, Bunge lina utaratibu wake. Kwenye orodha ya shughuli za leo, cha kwanza ni pilau. Yako tutayafikia."

"Lakini mzee, ni jambo la..."

"Kaa chini, Mheshimiwa," mzee akasema, na ndugu wakacheka, na Flaviana akajikuta ameshikishwa sahani.

Alijaribu kwa Anna, jikoni. Akamwambia zile kanda za zamani zinakwaruza sana, zinachosha wazee, kwa nini wasicheze tu muziki. Anna alikuwa anakatakata kachumbari. Akasema, "Haikwaruzi, mama. Mie nimesikiliza dua tu mwanzoni nikaizima, nyingine namwekea baba. Iko safi." Flaviana akabaki amesimama na kisu cha mtu mwingine mkononi. Angeweza kuichukua ile flashi, ilikuwa hapo hapo kwenye kishubaka karibu na chumvi. Akaiangalia. Mtu aliyezusha mara moja anajua kuzusha kunavyochosha. Akakirudisha kisu, akatoka.

Saa saba wakaingia sebuleni, watu kumi na watano, wengine mkekani. Anna akachomeka flashi kwenye redio kubwa. Akataka kurukia mwishoni, mzee akakataa. Bunge halianzii katikati. Basi ikaanza dua, na ukoo mzima ukasimama, Polikarpo, mdogo wake mzee, akavua kofia, wakaomba hekima kwa ajili ya viongozi wa zamani ambao nusu yao wameshafariki. Wakaketi. Zikaja hati za kuwasilisha mezani, hapo mzee akakubali zirukwe. Yakaja maswali.

Jamani, kile kitu kina usingizi. Pilau tumboni, turubai linapigapiga nje, na sauti ya Naibu Waziri inaahidi kisima katika kijiji ambacho hakuna mtu chumbani amewahi kukisikia. Polikarpo alikuwa wa kwanza kunogewa. Spika aliposema wanaokubali waseme ndiyo, akaitikia "Ndiyo" kwa sauti nzito, akaambukiza wengine, na mara ya pili sebule nzima ya Chang'ombe ikapitisha hoja iliyopita miaka ishirini na ushee. Wakatambulishwa wageni wa jukwaani, wanafunzi wa shule fulani ya sekondari, na shangazi mmoja kutoka mkekani akawapungia. Kikatangazwa kikao cha kamati baada ya chakula. Mbunge mmoja akachangia kwa kirefu kuhusu ng'ombe. Vichwa vikaanza kuinama. Hata mzee alikuwa kafumba macho, lakini mguu wake ulikuwa unapigapiga sakafu.

Flaviana alijua kila kitu kabla hakijaja. Alizijua zile pumzi. Alijua hapa mwenzake anamwachia kiti, hapa yeye anaketi, na alisikia kabisa, nyuma ya sauti ya yule wa ng'ombe, kiti kikivutwa. Ni chake. Mahali fulani ndani ya redio ile alikuwa ameketi binti wa miaka arobaini na kitu, anachora, mama yake yuko hai bado Kiwalani, anageuzwa ubavu na jirani. Sebule ikaanza kumpotea. Khanga ya mtu mbele yake ikawa zulia la ukumbi. Alitaka kusimama aseme zimeni, akachelewa. Vidole vyake vikaanza kazi gotini.

"Namwita mchangiaji wetu wa mwisho," ikasema redio.

Watu wakaamka wote. Mzee akafumbua macho. Na ikatoka ile sauti, changa kuliko mwenyewe, ya chini, inayokulazimisha usogee, na ukoo ukasogea kweli. Nyuma yake mafaili yanafungwa, mtu anakohoa, mtu anacheka mbali. Flaviana hakuwa tena Chang'ombe. Alikuwa kwenye ubao, nyuma ya mama, anaona visigino vya mama vikitafuta pa kukanyaga.

"Mheshimiwa Spika, mwenye tenga kichwani haoni miguu yake."

Pa, pa, pa.

Watu wote wakageuka kumtazama. Flaviana akajitazama naye. Viganja vyake vilikuwa vimeshikana mbele ya kifua, vinamuwasha. Alikuwa amepiga makofi. Hakukumbuka kuinua mikono. Na redio ilikuwa imeshapita, Spika anatangaza kwamba kuna mheshimiwa amesahau miwani yake mgahawani.

Polikarpo akakuna kichwa. "Sasa mbona sijasikia? Katibu katufunika. Bunge limepiga au halikupiga?"

"Anna," mzee akasema, "rudisha nyuma kidogo."

Ndo hapo Flaviana alipojua kwamba imekwisha. Akaikalia mikono yake, viganja vyote viwili chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa sahani ya wageni. Anna akabonyeza. Ukumbi ukarudi, mafaili, kikohozi, sauti ya chini. Mwenye tenga kichwani. Haoni miguu yake. Kisha kimya kile alichokuwa anakiogopa, kipana, kila mtu chumbani akiwa kashika pumzi.

Pa, pa, pa.

Ilikuwa ndani ya redio. Makofi matatu, ya polepole, ya mtu mmoja, karibu kabisa na kipaza sauti, karibu kuliko hata sauti ya mbunge mwenyewe. Mikono ya Flaviana ilikuwa bado chini ya mapaja. Mwanzo hakuelewa, kisha akaelewa.

"Ni mtu mmoja tu huyo," Polikarpo akasema kwa masikitiko.

"Mmoja," mzee akakubali. "Muulizeni katibu wenu ni nani."

Flaviana akataka kusema yale aliyokuja nayo, yakatoka yamechanganyika. "Mzee, mie nilikuwaga mwandishi pale. Ni mie niliyeandika Makofi. Nilijua hakuna aliyepiga. Nimeungama mara sijui ngapi. Nilidhani nimekuzushia."

"Hukunizushia." Mzee alisema bila haraka, na kila mtu akasogea tena, maana sauti haijabadilika. "Mie nilikaa pale nimeinamisha kichwa, nimeshajua nimesahau kuunga mkono hoja. Nikasikia hayo makofi. Nikainua macho. Bunge zima limeshasimama linatafuta mlango, na pale kwenye meza ya waandishi kuna binti kaweka kalamu, anatazama hewani, anapiga makofi kama mtu anayeota. Halafu akaokota kalamu akaendelea. Nikasema huyu atafukuzwa kazi na hata hajui. Siku ulipoingia hapa kwenye kikao cha chama nilikujua kwa vidole."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nangoja ushahidi," mzee akasema, akamwonyesha Anna na redio yake, na watu wakacheka kidogo. "Kesho yake waliniletea nakala, kama ilivyo mila, nisahihishe kabla haijachapwa. Nikafika penye yale mabano. Nikasoma mara mbili. Sikuona kosa."

Flaviana akalia. Alilia wazi, mbele za watu, khanga ikiwa mdomoni, na shangazi wa mkekani akamshika bega ingawa hawakuwa wanajuana. Miaka ishirini na ushee amebeba uongo ambao haukuwa uongo. Alipopata sauti akasema, "Yule mwenye tenga. Mzee, mama yangu alianguka kwenye ule ubao. Alikuwa na nyanya."

Mzee Ferdinand akamgeukia. Kisha akauliza, polepole, "Mama wa Ndanda? Ana chale mbili za Kimakua hapa, kwenye shavu?"

Flaviana akatikisa kichwa kukubali.

"Mie ndo niliyeokota hizo nyanya," mzee akasema. "Nilikuwa natoka kumwona mgonjwa Kiwalani, akaanguka mbele ya macho yangu. Nimejaza tenga, natafuta gari la kumchukua, na ujinga wangu wa kiualimu nikamwambia, mama, ungetazama unapokanyaga. Kalala pale chini, nyonga imevunjika, akanitazama kama mie ndo mwanafunzi mzembe. Akaniambia, baba, mwenye tenga kichwani haoni miguu yake." Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Mie sikutunga neno hata moja. Nililibeba tu mpaka pale."

Nje fundi wa gereji alikuwa anagonga bati, redioni Spika wa siku ile alikuwa anasitisha shughuli za Bunge mpaka saa kumi na moja jioni, na viti vya wabunge vilikuwa vinasogezwa.

"Polikarpo," mzee akamwita mdogo wake, "hiyo karatasi ishushe. Mpe mwenyewe. Makofi yale si yangu, ni ya mama yake, mie nilikuwa nimemtunzia."

Polikarpo akavua viatu, akapanda juu ya kiti, akaanza kuchomoa msumari.